Mwenye Sura Aulizwe

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu mali ambayo kila mwanadamu huzaliwa nayo, tajiri na fukara, mtoto na mkongwe, nayo ni sura yake. Nami nataka tuulizane ni nani mwenye haki ya kuichukua sura hiyo kwa kamera au kwa brashi, kuizidisha kwa maelfu, kuitundika ukutani au kuiuza sokoni, na sheria imeuweka wapi mpaka wa haki hiyo.

Niruhusuni nianze karibu na nyumbani. Miaka kadhaa iliyopita niliingia katika duka moja la mtaani kwetu, Tanga, kununua sukari, nikamkuta mama mmoja mtu mzima, ambaye mtaa mzima tulimwita Bi Mkubwa, amesimama mkono kiunoni mbele ya kalenda mpya iliyotundikwa juu ya mizani. Katika kalenda ile alikuwamo yeye mwenyewe, ameinamia jiko lake la vitumbua barazani, uso unametameta kwa jasho, moshi umemzunguka, na kifuani amejifunga kanga yake ya jikoni, iliyopauka rangi na kuungua pindo. Na chini ya picha ile zilipigwa chapa, kwa herufi nyekundu, sifa za mafuta ya kupikia ya kampuni ambayo sitaitaja. Picha yenyewe, tukisema kwa insafu, ilikuwa nzuri, maana aliyeipiga alikuwa fundi wa kazi yake. Mwenye duka alimpongeza, akasema, "Bi Mkubwa, sasa umekuwa mashuhuri, mji mzima unakutazama." Yeye hakucheka. Alisema maneno mawili ambayo hayajanitoka moyoni hata leo. La kwanza alisema, "Mafuta haya mimi siyatumii." La pili alilisema kwa sauti ya chini zaidi: "Laiti wangeniambia, ningevaa doti yangu ya Idi."

Wasikilizaji, katika maneno mawili hayo ya mpika vitumbua imo nusu ya elimu ya sheria ninayotaka kuizungumza. Neno la kwanza linahusu biashara, kwamba kampuni imemtia kinywani ushuhuda ambao hakuutoa, ikachuma faida kwa uaminifu aliojijengea kwa majirani zake asubuhi baada ya asubuhi. Neno la pili linahusu hadhi, kwamba kila mtu, hata akiwa hana kitu kingine duniani, anastahili kuchagua atakavyosimama mbele ya macho ya watu. Sheria za nchi nyingi zimelifahamu neno la kwanza mapema. Neno la pili zimekawia kulifahamu, na baadhi yake hazijalifahamu bado.

Tazameni yaliyotokea katika jimbo la New York, huko Marekani. Mwaka 1902 mahakama ya juu kabisa ya jimbo lile ilikata shauri la msichana aitwaye Abigail Roberson, mkaazi wa mji wa Rochester. Kiwanda cha unga kilichoitwa Franklin Mills kilikuwa kimeipata picha yake pasipo yeye kujua wala kuridhia, nayo ikapigwa chapa nakala zipatazo 25,000, zikatundikwa madukani, maghalani na katika vilabu vya pombe. Na juu ya sura yake yaliandikwa maneno ya mchezo wa lugha, kwa kuwa katika Kiingereza unga na ua hutamkwa sawasawa, yakimwita ua la familia kwa tahajia ya unga. Waliomjua walimtambua, wengine wakamdhihaki, na msichana akashikwa na fadhaa hata akalala kitandani na kuitiwa tabibu. Alidai fidia ya dola 15,000. Mahakama za chini zilimwelekea, lakini katika rufaa ya mwisho majaji 3 walimkubalia na 4 wakamkatalia, na Jaji Mkuu Alton Parker, aliyeandika hukumu ya wale wanne, alisema kwamba haki ya namna hiyo haikuwamo katika sheria, na kwamba ikikubaliwa mahakama zitafurika mashtaka. Tena akaongeza kuwa wapo wengine ambao wangaliona jambo lile kuwa ni kusifiwa uzuri wao. Jaji Mkuu yule na mwenye duka wa mtaani kwetu hawakupata kuonana, walakini walikutana katika fikira moja, kwamba aliyesifiwa hana la kunung'unikia.

Watu wa New York hawakuridhika na hukumu ile, na mwaka uliofuata, 1903, baraza la kutunga sheria la jimbo lilipitisha sheria iliyopo hata sasa, kwamba kulitumia jina au picha ya mtu aliye hai kwa matangazo au kwa biashara, pasipo idhini yake ya maandishi, au idhini ya mzazi wake au mlezi ikiwa ni mtoto, ni kosa lenye adhabu. Mwaka 1904 Parker aligombea urais wa Marekani, na alipochoshwa na wapiga picha waliomvizia yeye na jamaa zake, akataka wasipigwe picha bila ya ruhusa, Abigail Roberson alimwandikia barua iliyochapishwa gazetini, akimkumbusha kwamba haki anayoidai sasa ndiyo ile ile aliyoihukumu mahakamani kuwa haipo. Nakitaja kisa hiki kwa sababu ya funzo lililomo: uchungu wa kuchukuliwa sura haufahamiki vyema kwa kusoma vitabu, hufahamika siku ambayo sura iliyochukuliwa ni yako.

Sheria ile ya 1903 ilikataza matangazo na biashara. Juu ya sanaa haikusema kitu. Baada ya karibu miaka 100 swali hilo lilisimama mlangoni. Kati ya mwaka 1999 na 2001 mpiga picha Philip-Lorca diCorcia alitega taa juu ya jukwaa la wajenzi katika uwanja wa Times Square, mjini New York, naye akasimama mbali akiwa na kamera yake, na waliopita chini ya taa zile walimulikwa na kupigwa picha wasijue. Katika maelfu ya picha alichagua 17 za vichwa vya watu, akazionyesha katika jumba la sanaa mwaka 2001. Na nakala zake chache ziliuzwa kwa dola 20,000 hadi 30,000 kila moja. Miongoni mwa waliopigwa alikuwamo mzee mmoja wa Kiyahudi, mshika dini, mwenye ndevu nyeupe na kofia nyeusi, ambaye katika itikadi yake kufanyiwa taswira namna ile ni kuvunja amri ya Mungu. Sisi watu wa mwambao hatuhitaji kufafanuliwa uchungu huo, maana tuliwaona wazee wetu waliofunika uso kwa kiganja kila walipoiona kamera, na tuliwahi kuambiwa na wajuvi kwamba ule ni ushamba.

Mzee yule aliipata habari ya picha yake mwaka 2005, akashtaki, na mwaka 2006 jaji akamkatalia. Alisema picha ile ni sanaa, na sanaa ni kauli, na uhuru wa kauli unalindwa na katiba ya Marekani. Kwamba kuuzwa kwa fedha nyingi hakuigeuzi sanaa kuwa tangazo la biashara. Na zaidi ya hayo, muda wa kushtaki, ambao ni mwaka mmoja tangu picha itolewe hadharani, ulikuwa umekwisha pita. Mwaka 2007 mahakama ya juu ya jimbo ilikifunga kitabu kwa hoja hiyo ya muda. Basi mtu alipitwa na haki yake wakati ambapo hakujua hata kwamba amechukuliwa kitu.

Sasa tuvuke mpaka kuelekea kaskazini, tuingie mji wa Montréal katika jimbo la Quebec, nchini Kanada. Huko msichana wa miaka 17 alikuwa ameketi kwenye ngazi za jengo mbele ya barabara, mahali pa wazi, akapigwa picha, na mwaka 1988 picha ile ikatokea katika jarida la sanaa na utamaduni. Haikuwa na ubaya wowote, na toleo lile la jarida liliuza nakala 722 tu. Lakini wenzake shuleni walimcheka, naye akaenda mahakamani. Shauri lilipanda hatua kwa hatua hata Mahakama ya Juu ya Kanada, ambayo mwaka 1998 iliamua kwamba, kwa sheria za Quebec, haki ya mtu juu ya taswira yake ni sehemu ya haki yake ya faragha, na kwamba kuketi barabarani hakumfanyi mtu kuwa mali ya kila apitaye na kamera. Fidia aliyopewa ilikuwa dola 2,000, fedha isiyomtajirisha mtu. Ukubwa wa hukumu ulikuwa katika kanuni yake.

Mahakama mbili hizo zilitazama jambo la jamii moja, wapita njia waliopigwa picha kwa ajili ya sanaa, zikatoa majibu yanayopingana, na sababu ni kwamba ziliuliza maswali mbalimbali. New York iliuliza: picha hii imetumiwa kwa kazi gani? Kanada iliuliza: mwenye sura aliulizwa? Mimi, wasikilizaji, baada ya kuyapima yote mawili, naona swali la pili ndilo linalostahili kutangulia, kwa kuwa la kwanza humwacha mwenye sura nje ya mlango, ilhali watu wengine, mpiga picha na mnunuzi na jaji, wanashauriana ndani juu ya uso wake.

Ubaya wa kumwacha mtu nje ya mlango wa sura yake sisi tunao ushahidi wake. Karne ya 20 ilipoanza, katika mji wa Zanzibar zilikuwako studio za wapiga picha, miongoni mwao ile ya Gomes na ile ya ndugu wa Coutinho, watu wenye asili ya Goa, ambao mikono yao ilikuwa na ustadi mkubwa na ambao twawiwa shukrani kwa kutuhifadhia majengo, mavazi na mitaa ya zama zile. Zilitoka huko pia postikadi za wanawake wa Kiafrika na wa Kiswahili, zilizouzwa kwa wasafiri wa meli na kusambaa Ulaya. Ukiishika moja mkononi utaona kwamba mara nyingi jina la mwenye studio limepigwa chapa kwa uangalifu, na mwanamke mwenyewe, aliyesuka nywele zake na kutia vipini puani, ameandikwa kabila lake au neno "uzuri" basi. Alikuwa binti nani, alilipwa nini, aliambiwa picha inakwenda wapi, kadi haisemi, na wajukuu zake, kama wako, huenda wanapita mbele ya sura yake katika maduka ya kumbukumbu wasijue kwamba ni nyanya yao.

Kisa cha Renty ni kizito zaidi. Alikuwa mtumwa katika jimbo la South Carolina, na maandishi yaliyoambatana na picha yake yasema asili yake ni Kongo. Mwezi wa Machi mwaka 1850 yeye na binti yake Delia, pamoja na watumwa wengine, walivuliwa nguo mbele ya kamera ya Joseph Zealy, kwa kuwa mtaalamu Louis Agassiz wa Chuo Kikuu cha Harvard alitaka ushahidi wa dai lake potofu kwamba watu weusi ni viumbe wa asili nyingine. Picha zile zilikaa katika jumba la makumbusho la chuo, zikasahauliwa, zikaonekana tena darini mwaka 1976. Mwaka 2019 mwanamke mmoja wa Marekani, aliyesema yeye ni wa kizazi cha Renty, alikishtaki chuo, na mwaka 2022 mahakama ya juu ya Massachusetts ilisema kwamba aliyemo katika picha hapati umiliki wa picha kwa kuwamo tu. Ila ilimruhusu mdai aendelee na madai juu ya uchungu aliotiwa kwa jinsi chuo kilivyompuuza. Mwaka 2025 pande mbili zilipatana, na Harvard ikakubali kuziachilia picha ziende katika jumba la makumbusho ya Wamarekani weusi huko South Carolina. Iliwalazimu watu wale kungoja miaka 175 kabla ya picha zao kutoka mikononi mwa chuo.

Huenda mtu akaniuliza: na kwetu je? Kwetu, wasikilizaji, msingi upo. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inamhakikishia kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja faragha katika kifungu cha 31, na sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka idhini, tena idhini ambayo aliyeitoa anaweza kuiondoa, na kwa mtoto idhini ya mzazi au mlezi. Sheria hiyo haikubakia karatasini: mwezi wa Septemba mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data huko Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuiweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuulizwa. Furahini nami kwa jambo hili, kwa kuwa sheria zetu, zilizokuja nyuma ya nyingi, zimelianzia shauri pale panapofaa, kwenye swali la idhini.

Walakini kila haki ina mpaka wake, na asiyeutaja mpaka hulitilia shaka neno lake lote. Sura ya mtu katika umati wa sikukuu, au ya mpita njia aliyeonekana kwa mbali katika picha ya jengo, haiwezi kuombewa ruhusa moja moja. Mahakama ya Kanada yenyewe ililikubali hilo. Kiongozi akiwa katika kazi ya umma, askari anayempiga raia, tajiri anayemwaga taka mtoni, hawa hawana haki ya kumwambia mpiga picha azibe kamera kwa sababu hawakuulizwa, maana hapo umma una haki ya kujua iliyo kubwa kuliko haya zao. Sheria ya Kenya imewaachia nafasi waandishi wa habari na wasanii pale ambapo maslahi ya umma yanadai. Na ni wajibu wetu kuilinda nafasi hiyo, ili sheria iliyowekwa kumsitiri mnyonge isije ikawa pazia la mwenye nguvu. Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: kadiri mtu alivyo na mamlaka juu ya wengine, ndivyo sura yake inavyokuwa ya umma, na kadiri alivyo mnyonge, ndivyo inavyohitaji kuombwa kwa adabu zaidi. Sisi mara nyingi tumefanya kinyume chake. Kwa waziri hutangulia barua ya kuomba miadi, na mama anayeuza mchicha hupigwa picha akiwa anahesabu chenji.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wapiga picha na wachoraji, ambao kazi yenu naipenda na sitaki ipungue, mtoe salamu kabla ya kuinua kamera, mseme mnataka picha kwa kazi gani, na ikiwa ni kwa tangazo, muiandike idhini kwa lugha anayoifahamu mwenye sura, mmlipe, na mmwachie nakala. Nawaomba ninyi wenye makampuni mfahamu kwamba picha iliyonunuliwa kwa mpiga picha haijanunuliwa kwa aliyemo ndani yake. Na sisi sote, ambao leo tunatembea na kamera mifukoni ndani ya simu, tujizuie mkono msibani, hospitalini na penye ajali, ambapo mtu hana nguvu za kusema hapana.

Bi Mkubwa amekwisha kufariki dunia, Mungu amrehemu. Siku ya hitima nilifika nyumbani kwake, nikaiona picha yake ukutani, imekatwa kwa makini katika kalenda ile na kutiwa fremu, maneno ya mafuta yameondolewa. Binti yake aliniambia kwamba ndiyo picha pekee ya mama yao waliyo nayo. Ndani yake bado amejifunga kanga ya jikoni, iliyoungua pindo.